Kuchagua saizi ya tairi kwa rimu mpya za Subaru Impreza WRX na STI: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Impreza za turbo za kizazi cha GD na wagoni zake za GG, yaani zile za 2000 hadi 2007, kwa sababu ndizo zinazobadilishwa rimu kuliko nyingine na ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa saizi mbaya. Mwenye Forester ya turbo au Impreza ya baadaye atakuta mengi yanamhusu. Mwenye gari la gurudumu mbili zinazovuta anaweza kutumia hesabu zote, ila yale ya difu ya katikati hayamgusi.

Maandishi 225/45R17 91W yaliyo ubavuni mwa tairi yanasema nini?

225 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu, si upana wa sehemu inayokanyaga lami. 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu una milimita 101. R ni muundo wa radial, ambao ndio wa tairi karibu zote za siku hizi. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni kiwango cha mzigo, kilo 615 kwa tairi moja. W ni kiwango cha mwendo, kilomita 270 kwa saa.

Kutokana na hizo namba tatu za mwanzo unapata kipenyo cha tairi nzima: 225 × 0.45 × 2, ujumlishe 17 × 25.4. Jibu ni milimita 634. Jifunze kupiga hesabu hii kwa simu ukiwa umesimama dukani. Muuzaji akikuambia "hii inaingia tu", kuingia peke yake hakutoshi.

Nitajuaje saizi ya kiwandani ya gari langu?

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Hata kama kimeandikwa Kijapani, saizi ya tairi na upepo vimo kwa tarakimu. Upepo huandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI ambayo fundi wako anaijua, kwa mfano kPa 230 ni kama PSI 33.

Usiamini tairi ulizozikuta kwenye gari. Gari likishapita mikononi mwa watu wawili watatu, huwezi kujua nani aliweka nini. Na Impreza za turbo hazikutoka zote na saizi moja. Kuna WRX za 205/50R16 zenye kipenyo cha milimita 611, kuna za 215/45R17 zenye 625, na WRX za mwanzo za soko la Marekani zilikuja na 205/55R16 yenye 632. STI zilikuja na 225/45R17, milimita 634. Uwiano wa gia na spidomita ya kila moja vilipangwa kwa saizi yake. Kwa hiyo rafiki yako mwenye STI akikuambia 235/40R18 iko sawa kabisa, kwake tofauti ni chini ya asilimia 2, lakini kwa mwenye WRX ya 205/50R16 tairi hiyo hiyo imezidi kwa zaidi ya asilimia 5.

Kwa nini kila fundi wa Subaru anasisitiza tairi nne zifanane?

Kwa sababu gari hili linavuta kwa gurudumu zote nne muda wote, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati. Difu hiyo imekusudiwa kufanya kazi ya muda mfupi: gari linapokata kona, gurudumu za mbele hupita njia ndefu kidogo kuliko za nyuma, difu inaachia tofauti hiyo, kisha gari likinyooka inatulia. Ukiweka tairi zenye mzunguko tofauti mbele na nyuma, unailazimisha ifanye kazi hiyo hata barabara ikiwa imenyooka, dakika baada ya dakika.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Tairi mbili za nyuma zimebaki na meno ya milimita 4. Unanunua mbili mpya zenye meno ya milimita 8 unaziweka mbele. Saizi ni ile ile, kampuni ile ile. Nusu kipenyo imetofautiana kwa milimita 4, na mzunguko umetofautiana kwa karibu milimita 25. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, karibu kilomita 480, gurudumu za nyuma zitazunguka zaidi ya mara 3,000 kuliko za mbele. Tofauti yote hiyo inamezwa na difu ya katikati.

Katika WRX ya manyuo, difu hiyo ina kizuizi cha majimaji mazito kama gundi. Yakipata joto kwa muda mrefu yanaharibika, na kizuizi kinabaki kimekaza. Katika STI nyingi kuna klachi ya sumaku ya umeme, ile inayorekebishwa kwa kigurudumu kidogo karibu na gia. Katika otomatiki kuna sahani za klachi ndani ya giaboksi. Njia ni tatu, hasara ni moja. Dalili utaziona kwenye maegesho: ukikata usukani hadi mwisho na kwenda polepole, gari linajivuta kana kwamba umeshika breki, tairi zinalia, pengine linaruka ruka. Ukifika hapo, gharama yake inazidi sana bei ya tairi ulizotaka kuokoa.

Mwongozo wa Subaru ni kwamba mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukiigeuza kuwa meno, ni milimita 1 tu ya tofauti. Ni kipimo kikali, na watu wengi wanakipita bila kujua.

Nitapimaje huo mzunguko?

Futi ya fundi cherehani haitoshi, maana ina mita 1 na nusu na tairi ya 225/45R17 ina mzunguko wa karibu mita 2. Tumia uzi usiovutika. Weka upepo sawa tairi zote, inua gari gurudumu zining'inie, zungusha uzi katikati kabisa ya sehemu inayokanyaga, weka alama ya kalamu pale uzi unapokutana, kisha ulaze uzi juu ya futi ndefu ya chuma. Fanya hivyo kwa tairi zote nne na uandike. Hakikisha uzi haujapanda pembeni mwa tairi, kwa sababu hapo ndipo vipimo vinapodanganya. Kazi nzima haizidi nusu saa, na ukiwa unanunua tairi za mtumba ni nusu saa yenye thamani kubwa.

Tairi moja imepasuka ubavu. Lazima ninunue nne?

Kama tatu zilizobaki ni mpya bado, nunua moja ya kampuni na modeli ile ile. Kama zimeliwa nusu, tafuta tairi iliyotumika ya modeli ile ile yenye meno yanayokaribiana na yako, upime mzunguko kabla ya kulipa. Ukikosa, ndiyo, nunua nne. Najua inauma. Zile tatu unaweza kumuuzia mwenye gari la kuvuta mbele tu, ambaye zitamfaa vizuri.

Tusidanganyane pia kwamba saizi ikiwa moja basi kampuni yoyote itafaa. Tairi mbili zilizoandikwa 225/45R17 za viwanda viwili zinaweza kupishana milimita kadhaa za kipenyo zikiwa mpya kabisa.

Nataka nyuma pana kuliko mbele. Inawezekana?

Kwenye Subaru, acha. Mtindo huo ni wa magari yanayosukuma nyuma. Ukitaka tairi pana, zipanue zote nne.

Niende inchi 17 au 18?

Kwa gari linalotembea barabara zetu kila siku, maoni yangu ni 17, na sababu yangu kubwa ni ubavu. Tazama kimo chake: 205/55R16 ina ubavu wa milimita 113. 225/45R17 ina 101. 225/40R18 ina 90. 235/35R19 ina 82. Kila unapopanda inchi moja kwa kipenyo kile kile cha nje, unapoteza kama sentimita nzima ya mpira na upepo uliokuwa kati ya rimu na shimo. Shimo lenye ukingo mkali linabana ubavu hadi mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe kama yai ubavuni. Tairi yenye uvimbe haitengenezwi. Inatolewa.

Wanaoendesha Impreza kwa kasi kwenye barabara mbaya kuliko zetu wamelijua hili zamani. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa kwenye Impreza, na kwenye njia za changarawe gari za mashindano hayo hutumia rimu za inchi 15 zenye ubavu mnene. Rimu za inchi 18 huzifunga kwenye mashindano ya lami. Hawapunguzi rimu kwa kukosa pesa ya kubwa.

Kuna na uzito. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito, na tairi yake inapeleka mpira na chuma mbali zaidi na katikati ya gurudumu, kwa hiyo injini inatumia nguvu zaidi kuizungusha na breki zinahangaika zaidi kuisimamisha. Mtu anaongeza nguvu ya turbo kisha anaitumia kuzungusha rimu za kilo nyingi. Pesa ya ziada ya rimu za 18 ukiielekeza kwenye tairi bora za 17, gari litakata kona na kusimama vizuri zaidi, na hilo utalihisi siku ya kwanza ya mvua.

Ukiwa unaishi mahali pa lami safi na unapenda 18, hakuna dhambi. Chagua 225/40R18 na ukwepe matuta kwa adabu.

Saizi zipi zinafaa STI ya 225/45R17?

| Saizi | Kipenyo | Tofauti | Upana wa rimu unaokubalika |
|---|---|---|---|
| 225/45R17 | mm 634 | 0 | inchi 7 hadi 8.5 |
| 235/45R17 | mm 643 | +1.4% | inchi 7.5 hadi 9 |
| 225/40R18 | mm 637 | +0.5% | inchi 7.5 hadi 9 |
| 235/40R18 | mm 645 | +1.7% | inchi 8 hadi 9.5 |
| 255/35R18 | mm 636 | +0.2% | inchi 8.5 hadi 10 |
| 245/40R18 | mm 653 | +3.0% | inchi 8 hadi 9.5 |

Hiyo ya mwisho nimeiweka kwa sababu inaulizwa sana. Ndiyo saizi ya kiwandani ya STI za baadaye zenye rimu za inchi 18, na watu wanazitoa huko wakazifunga kwenye GD. Nusu kipenyo inaongezeka kwa zaidi ya milimita 9, na kwenye GD milimita hizo zinatoka katika nafasi iliyo kati ya tairi na kikalio cha springi cha shokapu ya mbele, na katika nafasi ya plastiki ya ndani ya madigadi. Mimi nisingeiweka. 255/35R18 ina kipenyo kizuri lakini inahitaji rimu pana na mdomo wa madigadi uliokunjwa. Ni tairi ya gari la mbio za mwisho wa wiki.

Spidomita itadanganya kiasi gani?

Kwa asilimia ile ile ya tofauti ya kipenyo. Ukitoka 225/45R17 kwenda 235/40R18, spidomita ikisoma kilomita 100 gari linakwenda karibu 102 ukilinganisha na awali. Ukienda 245/40R18 ni 103. Jitahidi kubaki ndani ya asilimia 2 juu au chini.

Rimu ya inchi 9 na nusu nikaivalisha 215/45R17 ili ivutike, kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. 215/45R17 imetengenezwa kwa rimu ya inchi 7 hadi 8. Ukiivuta kwenye rimu pana kuliko hapo, mdomo wa tairi haukai sawasawa kwenye rimu, na ukingo wa rimu unabaki wazi kupigwa na kila kitu. Kwenye shimo moja upepo unaweza kutoka wote kwa mkupuo, na wewe uko kwenye kona. Tairi iliyobanwa kwenye rimu nyembamba kuliko kipimo nayo inayumba na inaliwa katikati. Kila nusu inchi ya upana wa rimu inabadilisha upana halisi wa tairi kwa kama milimita 5, kwa hiyo hata namba ya ubavuni si ya kuaminiwa peke yake unapopima nafasi.

Ofseti ni nini, na nitajuaje kama rimu itagusa?

Ofseti ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Ikiwa chanya, uso huo umesogea upande wa nje. Ofseti ikipungua, gurudumu linatoka nje kuelekea madigadi. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu.

Rimu ya kiwandani ya STI ya mwanzo ni inchi 7 na nusu, ofseti +53. Tuseme unataka ya inchi 8 na nusu, ofseti +45. Upana umeongezeka kwa inchi moja, milimita 25.4, na nusu yake, 12.7, inakwenda kila upande. Ofseti imepungua kwa 8. Upande wa nje unajumlisha: 12.7 + 8, rimu inatoka kwa milimita 20.7. Upande wa ndani unatoa: 12.7 − 8, rimu inasogelea shokapu kwa milimita 4.7. Sasa chukua rula, pima nafasi iliyopo kwenye gari lako pande zote mbili, na utoe.

Kwa hesabu hiyo hiyo, inchi 8 kwa +48 inatoka nje kwa milimita 11 na kuingia ndani kwa kama 1 tu. Hiyo ni rimu ya kulala usingizi, inakubali 225/40R18 au 225/45R17 bila kugusa bodi. Inchi 9 na nusu kwa +38 inatoka nje kwa milimita 40 na kuingia ndani kwa 10. Hapo utakunja mdomo wa madigadi ya nyuma na kuongeza kambari (mlalo wa gurudumu, juu likiingia ndani), na pengine bado itakwaruza.

Pima gari likiwa na mzigo. Mwombe jamaa mmoja akae kiti cha nyuma na wawili wengine wajiunge naye, kisha upitishe kidole kati ya tairi na mdomo wa madigadi. Gari tupu kwenye sakafu ya gereji linaonyesha nafasi ambayo siku ya safari haipo.

PCD ya gari langu ni 5×100 au 5×114.3?

PCD ni idadi ya bolti na kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya bolti hizo. WRX zote za GD ni 5×100. STI ni 5×100 hadi modeli ya 2004, na 5×114.3 kuanzia modeli ya 2005. Usikisie kwa macho, maana tofauti ni milimita 14 tu na gari lingine limebadilishiwa habu. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti isiyopakana nayo: 5×100 inakupa kama milimita 95, na 5×114.3 inakupa kama 109.

Rimu za Toyota zenye 5×100 zinaingia kwenye Subaru?

Swali zuri, kwa sababu hizo ndizo zinazopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya mtumba. Tatizo ni tundu la katikati. Habu ya Subaru ina milimita 56.1. Rimu nyingi za Toyota za 5×100 zina tundu la milimita 54.1. Haziingii, na mtu akizilazimisha kwa kukaza nati, rimu haikai kwenye uso wa habu. Fundi wa leth anaweza kuongeza tundu kwa usahihi, lakini awe fundi wa leth kweli, si jiwe la kusagia la mkononi.

Tundu likiwa kubwa kuliko habu ni rahisi zaidi. Rimu za Volkswagen za 5×100 zina 57.1, za Toyota za 5×114.3 kama Mark X zina 60.1, na rimu nyingi zisizo za kiwandani zina 73.1. Hapo unanunua ringi za kuziba nafasi, kwa vipimo halisi: 73.1 kwa 56.1. Bila ringi, usukani utatetemeka kwenye mwendo wa kasi na utarudi kwa fundi wa balansi mara nyingi bila kupona.

Nati za Toyota si ni zile zile?

Hapana. Subaru inatumia M12×1.25, Toyota M12×1.5. Nati ya Toyota itashika mizunguko miwili mitatu kwenye bolti ya Subaru kisha itakaza, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa bunduki ya upepo hadi aharibu bolti. Isipoingia kwa vidole, si yake. Pia angalia kikalio: rimu nyingi za mtindo zinataka nati ya koni ya nyuzi 60, na nyingine za kiwandani zinataka ya duara au ya bapa. Nati isiyolingana na kikalio chake inajilegeza yenyewe.

Spesa je?

Spesa ni sahani inayowekwa kati ya habu na rimu ili kusukuma gurudumu nje. Za kufungwa kwa bolti zake, zenye kishikio cha habu cha 56.1, zilizochongwa vizuri, zinakubalika. Zile sahani nyembamba zisizo na kishikio, zinazokula urefu wa bolti, achana nazo. Na kumbuka spesa ya milimita 15 inapunguza ofseti kwa 15, kwa hiyo irudishe kwenye hesabu ya juu.

Nina breki za Brembo.

Basi rimu ya inchi 16 haiingii, na si kila 17 inaingia. Kinachozuia mara nyingi ni umbo la mikono ya rimu inayogusa kalipa. Funga rimu bila tairi, kaza nati, zungusha kwa mkono, uangalie nafasi mzunguko mzima.

Kiwango cha mzigo na mwendo kina umuhimu gani kama sibebi mizigo?

Kina umuhimu kwenye shimo na kwenye joto. Tairi ya 91 inabeba kilo 615, ya 88 inabeba 560. Usishuke chini ya kile cha kiwandani. Kwa mwendo, V ni kilomita 240 kwa saa, H ni 210, T ni 190. Hata kama hutafika huko, kiwango hicho kinaeleza tairi inavyostahimili joto, na lami ya Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana ni joto tosha.

Tairi nyingi za 18 zimeandikwa XL. Hizo ubavu wake umeimarishwa, lakini zinahitaji upepo zaidi kidogo ili zibebe mzigo ule ule. Ukiweka XL ukabaki na upepo wa kibandiko cha zamani, umepoteza sehemu ya uwezo uliolipia. Ongeza kama PSI 3, upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Tairi za mtumba kutoka Japani ni salama?

Baadhi. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sigusi tairi iliyozidi miaka sita, hata meno yakiwa mapya, kwa sababu mpira unakauka. Kunja ubavu kwa vidole uangalie nyufa ndogo. Weka mkono ndani ya tairi upapase, ukitafuta kiraka au nyuzi zilizochomoza. Vibonge vidogo kati ya meno viko kwenye milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi imekwisha. Na kwa Subaru, dai nne za tarehe zinazokaribiana zenye mzunguko mmoja, au usinunue.

Kwa rimu, tazama alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango vya usalama vya rimu vya Japani. Ya pili ina maana modeli hiyo imepimwa na kusajiliwa Japani. Rimu za kuiga zinazouzwa zikiwa mpya kwa bei ndogo zinapasuka, hazipindi, na tofauti hiyo inaonekana pale unapoingia shimoni ukiwa na watoto nyuma.

Gari limeshushwa springi. Nibadilishe nini kwenye hesabu?

Ongeza nafasi ya tahadhari. Springi fupi zinafanya tairi ipande zaidi ndani ya madigadi kwenye tuta, kwa hiyo rimu iliyokuwa salama kwenye gari la kimo cha kawaida inaweza kukwaruza. Kushuka kunaongeza kambari pia, na tairi zinaliwa upande wa ndani ambako huwezi kuona bila kuinama. Fanya alaimenti baada ya kushusha, si kabla.

Spea ya kiwandani bado inatumika?

Ile nyembamba ya dharura inakutoa ulipo hadi kwa fundi wa pancha, si zaidi. Mzunguko wake haulingani na tairi zako mpya, na difu inaumia kila kilomita. Nenda polepole, chini ya 80, na usianze nayo safari ya mkoa mwingine.

Nikishafunga, niangalie nini?

Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, mbele na nyuma, ukisikiliza. Pita juu ya tuta ukiwa na watu ndani. Tazama plastiki za ndani ya madigadi kama zina alama nyeusi ya mpira. Baada ya kilomita 80 hadi 100 kaza nati tena kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, zikaze kwa kuruka kama nyota, gari likiwa chini na tairi zikiwa baridi. Kisha badilishana tairi za mbele na nyuma kila kilomita 5,000 au zaidi kidogo, pamoja na mabadiliko ya oili, ili zote nne ziendelee kuliwa sawa.